Kiatu amepita hapa

"Kiatu amepita hapa."

Sentensi hiyo niliikuta kwenye daftari la mtoto wa dawati la tatu, kando ya dirisha, katikati ya Agosti. Hati safi, herufi zimekaa juu ya mstari, nukta ipo mwishoni. Kalamu nyekundu ilikuwa imeshagusa karatasi nilipojizuia, na wala haikuwa busara. Kabla ya daftari lile nilikuwa nimeshakutana na "Baiskeli amepita hapa", "Toroli amepita hapa" na "Maji amepita hapa". Mtoto mmoja akikosea, kosa ni lake. Darasa zima likikosea kwa namna moja, kosa hilo lina mwenyewe, na mwenyewe nilikuwa mimi.

Nafundisha Darasa la Kwanza katika shule ya serikali kandokando ya Ziwa Victoria, Usukumani. Mwaka huo nilikuwa na watoto 84 katika chumba kimoja. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, idadi ya namna hiyo haimshangazi mtu huku kwetu. Mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo umejengwa juu ya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, tangu mwaka 2015, na ukiniuliza ni K ipi inayonitoa jasho, ni ya katikati. Kusoma Kiswahili hakuna uchawi: neno linatamkwa kama lilivyoandikwa, na mtoto akishaishika ba-be-bi-bo-bu na ndugu zake, kufikia Juni anasoma "babu ana bata" kwa sauti ya kujiamini. Kuhesabu kuna vijiti na vizibo. Kuandika, kwa jinsi tulivyozoea, ni hati na imla. Kwenye hati naandika ubaoni, mtoto ananakili. Kwenye imla natamka, mtoto anaandika. Huku na kule, maneno ni yangu.

Siku moja ya Julai niliwaambia kila mmoja aandike sentensi yoyote anayoitaka. Darasa likapoa. Kisha ikatoka sauti nyuma kabisa: "Mwalimu, tuandike nini?"

Hawakuwa wavivu. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuwauliza wana nini cha kusema.

Wazo la kitabu nililipata uwanjani. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, watoto wa zamu hufagia mbele ya madarasa, na ufagio wa vijiti huacha michirizi kwenye vumbi kama daftari jipya. Hazipiti dakika kumi, kuku wa nyumba za jirani wameshaandika juu yake. Nilinunua karatasi za manila, nikazikata, nikazishona kwa uzi wa gunia na sindano kubwa. Kila ukurasa una nyayo za mnyama mmoja na swali lilelile. Ukifunua, unakutana na jibu. Nani amepita hapa? Kuku amepita hapa. Nani amepita hapa? Bata amepita hapa. Wakafuata mbuzi, mbwa na ng'ombe. Ukurasa wa mwisho nilichora unyayo wa katambuga wenye mistari ya tairi, na jibu lake lilikuwa: Mwalimu amepita hapa.

Uchoraji wangu ni wa aibu, hilo niliseme mapema. Mbwa wangu alifanana na meza.

Hata hivyo kitabu kilishika. Siku ya kwanza niliwasomea, siku ya pili tukasoma pamoja, siku ya tatu sikuhitajika tena. Kuna mtoto wa kike alikishika kichwa chini miguu juu, akakisoma chote bila kukosea hata neno. Tulipofika kwenye katambuga darasa lilikuwa linaangua kicheko kila mara, kana kwamba hawakujua kinachokuja, na sidhani kama kuna mtoto wa miaka saba anayechoka kujua kinachokuja.

Hiyo ndiyo faida ya kitabu cha kurudiarudia, na siibezi. Kinamwekea mtoto sentensi nzima mdomoni kabla penseli haijagusa karatasi. Anayeanza kuandika ana mizigo mingi kwa pamoja: atafute la kusema, alipange, akumbuke sura ya kila herufi, aache nafasi, asivunje penseli ambayo kaka yake ameikata katikati ili wagawane. Kitabu kinamtua mizigo miwili mitatu. Picha inampa jina, mfumo unampa sentensi, kwake inabaki kazi ya mkono. Kwa hiyo wiki ya pili niliandika ubaoni "______ amepita hapa" nikawaambia wajaze na kuchora.

Madaftari 84, sentensi 84, na karibu zote hazikuwa na doa. Niliyoyasahihisha yalikuwa yale ninayoyajua kila mwaka. Ng'ombe aliandikwa "gombe", "ngobe" na "ngombe". Mbwa akawa "mubwa", kwa sababu mtoto anasikia irabu pale ambapo sisi hatuiandiki. Mbuzi mmoja alikuja kama "mbuli", na hapo hata sikusahihisha mara moja. Kisukuma kinamwita hivyo, na mtoto alikuwa ameliandika neno la nyumbani kwao kwa usahihi kabisa. Wengine walibandika maneno yote pamoja, "kukuamepitahapa", kama tulivyokuwa tukiyaimba kwa pumzi moja. Afisa Elimu Kata alipopita akafungua madaftari manne, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nami nikavimba kichwa siku mbili tatu.

Uvimbe uliisha Ijumaa jioni, nilipokaa na madaftari yale kuyahesabu kwa namna nyingine. Nilitafuta ni watoto wangapi walioandika mnyama asiyekuwemo kitabuni. Walikuwa 11. Waliobaki waliandika kuku, bata, mbuzi, mbwa, ng'ombe, na zaidi ya nusu yao ni kuku peke yake, kwa kuwa kuku yuko ukurasa wa kwanza na ana herufi nne. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeshona kitabu, nimechora wanyama watano usiku kwa mwanga wa simu, ili kurudi kulekule kwenye kunakili, safari hii kwa picha.

Jumatatu iliyofuata nikawatoa nje. Nusu saa tu, makundi ya watoto saba saba, kila mmoja na daftari lake. Kazi yao: tafuta alama kwenye vumbi, ichore, kisha andika kilichopita. Huko ndiko kilikotoka kiatu. Watoto hawakuona kuku tu. Waliona tairi la baiskeli, gurudumu la toroli la mchota maji, mfereji mdogo ulioachwa na mvua ya usiku, mpira wa makaratasi, viatu. Macho yao yalikuwa mbali kuliko kitabu changu, na kitabu changu kilikuwa kimewapa kitenzi kimoja tu cha kuandikia hayo yote: amepita.

Nilimwita mwenye kiatu mezani.

"Kiatu chako kimefanya nini?" nikamuuliza, maana kisigino kilikuwa kimeachia.

"Kimekatika, Mwalimu."

"Na jana kilikuwaje?"

"Kilikuwa kizima."

Kimekatika. Kilikuwa. Kizima. Mdomo wake ulikuwa unajua kila kitu. Wala si ajabu. Kisukuma anachozungumza na bibi yake nacho kina ngeli zake, kwa hiyo kwake jina kuvuta kitenzi nyuma yake si jambo geni. Penseli ndiyo iliyokuwa haijapewa habari. Kwake "amepita" halikuwa neno lenye viungo, a na me na pita. Lilikuwa umbo moja kama muhuri, unaloligonga baada ya jina lolote. Na aliyemfundisha hivyo ni kitabu, chenye viumbe hai kuanzia jalada hadi jalada, ambamo ile a ya mwanzo haikusogea hata mara moja.

Hapa ndipo ninapogombana kidogo na ushauri tunaopewa kwenye semina. Tunaambiwa: chukua sentensi moja, irudie, mtoto abadilishe jina tu. Ushauri huo umetoka kwenye lugha ambazo kitenzi hakijali nani amekuja mbele yake. Paka na kiti na mvua vinaingia kwenye nafasi ileile na hakuna kinachotikisika. Kwetu ukibadilisha jina umebadilisha treni nzima. Kiatu kimepita, gari limepita, maji yamepita, upepo umepita, baiskeli imepita. Mwalimu anaweza kulikwepa hilo kwa kuliweka jina upande wa pili: "Naona kuku", "Naona kiatu", "Naona maji". Hapo kitenzi kinamfuata mtoto mwenyewe, na jina lolote linakaa salama. Kwa wiki ya kwanza ni njia nzuri, na leo ningeanza nayo. Ila usije ukaongeza rangi ukidhani bado uko salama, kwa maana kuku ni mwekundu, kiti ni chekundu, gari ni jekundu na nyumba ni nyekundu, na umerudi pale pale. Isitoshe, ukikwepa kila siku, mtoto atamaliza mwaka hajaiona ile sehemu ya neno ambayo Kiswahili kinaifanyia kazi kubwa kuliko zote.

Nilikuwa nalalamika haya ofisini wakati wa uji, na mwalimu wa Darasa la Nne, mama mzaliwa wa Pangani aliyeolewa huku zamani, akakifunua kitabu changu taratibu mpaka mwisho.

"Mwanangu, humu mna wanyama watupu," akasema. "Goso hukuhadithiwa?"

"Goso yupi, mama?"

"Hee! Mwalimu mzima humjui Goso mwalimu?"

Akanihadithia palepale, uji ukipoa. Ni ngano ya Zanzibar, ya zamani. Ilishachapishwa kwa Kiingereza huko Chicago mwaka 1901 katika mkusanyiko wa ngano za kisiwani, na kabla ya hapo ilikuwa midomoni mwa watu. Goso alikuwa akifundisha watoto kusoma chini ya mbuyu. Siku moja buyu likamwangukia akafa, na wanafunzi wake wakaondoka kumtafuta aliyeliangusha. Wakamkamata upepo wa kusi, naye akajitetea kwamba angekuwa na nguvu asingezuiwa na kiambaza, ukuta wa udongo. Wakaenda kwa kiambaza, kikawaelekeza kwa panya, na kadhalika na kadhalika, mpaka wakamfikia paa mwizi wa mabuyu.

Mama yule aliisimulia kwa kidole, akigonga meza kila kiungo. Kiambaza kinamzuia kusi. Panya anakitoboa kiambaza. Paka anamla panya. Kamba inamfunga paka. Kisu kinaikata kamba. Moto unakiunguza kisu. Maji yanauzima moto. Ng'ombe anayanywa maji. Sikiliza mianzo hiyo: ki, a, a, i, ki, u, ya, a. Ni ngano ya kurudiarudia kama kitabu changu, ila kinachorudiwa ni mwendo, na karibu kila hatua mguu wa neno unabadilika, tena mara mbili, mbele kwa mtenda na katikati kwa mtendwa. Aliyeitunga hakuwa anafundisha sarufi. Kwa Kiswahili huwezi kusimulia mnyororo wa namna hiyo bila kupita kwenye ngeli, basi. Nilikuwa nimekaa juu ya hazina, nikahangaika na manila.

Kuiandika ngano nzima kulikuwa juu ya uwezo wa watoto wangu, hivyo waliisikia tu, siku tatu mfululizo, wakaigiza. Maji yalikuwa mtoto mdogo kuliko wote, na aliipenda kazi yake. Kwenye kuandika nilibaki na nyayo zetu. Nilikata vipande virefu vya manila nikaandika "mepita hapa", bila kichwa. Kisha nikachukua vizibo vya soda, vilevile vya kuhesabia, nikaviandika kwa rangi: a, ki, li, i, u, ya. Mtoto anataja alichokiona, anachagua kizibo, anakiweka mbele ya "mepita", anasoma kwa sauti. Neno "ngeli" sikulitaja hata siku moja. Sharti lilikuwa moja: sema kwanza, andika baadaye.

Mtoto mmoja alinifungua macho. Alisema "baiskeli", akaweka a, akasoma kwa sauti: "Baiskeli amepita." Akanyamaza. Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyemwona mbuzi amevaa kofia. Akakiondoa kizibo, akaweka i. Wiki nzima iliyopita aliliandika kosa hilohilo na halikumchekesha, kwa sababu hakulisikia.

Makosa hayakuisha, yalihama. Sasa nikaanza kupata "Kuku imepita hapa", kutoka kwa waliodhani vizibo vipya ni bora kuliko cha zamani. Na mmoja akaandika "Kiboko kimepita hapa". Ukifuata masikio tu, mantiki yake haina kasoro: kiatu kimepita, kisu kimepita, kiboko kimepita. Huku kwetu viboko hutoka ziwani usiku kula majani, nyayo zake mtoto amezikuta njiani kweli. Nilimuuliza, "Kiboko kipi?", na darasa zima likageukia kona ya kabati, kinapokaa kile kingine. Kwa hicho cha kabatini sentensi yake ilikuwa sahihi, na kila aliyekuwemo alikuwa na ushahidi. Tulicheka, mimi nikiwa na haya kidogo. Lakini somo lililofuata lilijifundisha lenyewe: mwenye miguu minne ni amepita, hata akianza na ki.

Lililobadilisha mambo kuliko vizibo, hata hivyo, ni dogo kiasi kwamba karibu nisiliandike. Nilianza kufuta ubao. Zamani sentensi ya mfano ilikaa pale juu muda wote, na mtoto hata akiwa na lake la kusema macho yanakwenda ubaoni. Sasa tunaisoma, tunaisema, nafuta, ndipo wanaandika. Siku ya kwanza kulikuwa na vilio vya kweli, na kurasa nyingi zilitoka nusu tupu. Zilizoandikwa ziliharibika tahajia kuliko zamani. "Gali limepita apa." Nilizipenda kuliko zile 84 safi, ingawa mgeni aliyekuja baadaye kukagua madaftari aliniuliza kwa upole hati nzuri ya Julai imekwenda wapi.

Kubandika maneno kulitatuliwa na watoto wenyewe. Niliwafundisha kuacha nafasi ya kidole, lakini kidole cha mtoto huinuka kabla penseli haijafika. Kuna aliyeanza kulaza kizibo juu ya karatasi baada ya kila neno na kuandika linalofuata ng'ambo yake. Nafasi zikawa kubwa kama mabonde, lakini zikawepo. Kesho yake dawati lote lilikuwa na vizibo.

Sitaki ionekane kwamba tulifika wote. Watoto kama 15 walibaki na "Kuku amepita hapa" hadi Desemba. Baadhi yao silabi hazijakaa, na kwao kitabu kilikuwa kimekuja mapema. Wengine hawakuwa na daftari mwezi mzima, na mtoto anayeandika kwenye kipande cha karatasi alichopewa na jirani hana moyo wa kujaribu jambo jipya. Kwa hawa nilikosea kuwapeleka pamoja na wenzao. Nilipaswa kuwaacha kwenye "Naona" mpaka mkono upate kasi. Kitabu chenyewe nacho nimekishona upya: kuku, bata, kisha ukurasa wa tatu tu ni baiskeli, ili a isipate muda wa kugeuka jiwe. Swali nalo limebadilika, maana "nani" lilikuwa limeshawafungia mlango wa vitu visivyo na roho hata kabla hawajajibu. Sasa ni "Nani au nini?" Haliimbiki vizuri kama lile la kwanza. Nimelikubali hivyo.

Na wapo walioruka ukuta ambao sikuwahi kuwawekea ngazi. Mmoja alichora unyayo wake mwenyewe akaandika "Mimi nimepita hapa". Hakuna kizibo changu chenye ni, alikitoa kwake. Mwingine, binti mkimya ambaye baba yake yuko visiwani kwenye dagaa, alinikabidhi daftari siku ya mwisho kabla ya likizo. Lilikuwa na mstari mmoja:

"Baba hajapita hapa."

Nililisoma mara mbili nikitafuta pa kusahihisha. Mbele pamegeuka, katikati pamegeuka, na hayo sijawahi kuyafundisha. Juu ya maneno, pale picha inapokaa, palikuwa na michirizi ya penseli iliyolala sambamba kutoka ukingo hadi ukingo, na hakuna unyayo.

"Picha iko wapi?" nikamuuliza.

"Ndiyo hiyo, Mwalimu. Uwanja umefagiliwa."